Nakala Isilale Nyumba Moja na Asili Yake: Barua ya Wazi kwa Watunza Hifadhidata wa Juba

Kwa Waheshimiwa makatibu wakuu wa wizara, wakurugenzi wa hospitali na vyuo, mameneja wa benki, na wasimamizi wote wa hifadhidata mjini Juba.

Nakala rudufu ya hifadhidata ni taarifa zote za ofisi kama zilivyokuwa katika saa fulani, zikiwekwa mahali ambapo balaa linaloikumba asili halifiki. Nusu ya kwanza ya maana hiyo inafahamika vizuri Juba. Nusu ya pili ndiyo inayopuuzwa, na barua hii inahusu hiyo ya pili.

Sura anayoijua kila fundi wa kompyuta mjini ni hii. Chumba kidogo nyuma ya ofisi ya uhasibu, seva moja imesimama juu ya matofali mawili ili maji ya mvua yasiifikie. Kiyoyozi kinafanya kazi maadamu jenereta inanguruma. Dizeli ikiisha kiyoyozi hunyamaza kwanza, na betri ya akiba hubaki ikipiga mlio mpaka nayo izimike. Juu ya seva, kwa waya usiozidi urefu wa kiganja, imechomekwa diski ya nje. Vumbi jekundu limetanda juu yake, na kwenye kipande cha karatasi kilichogandishwa kwa selotepu pameandikwa kwa kalamu nene: BAKAPU. Kila saa nane usiku programu huandika nakala ndani ya diski hiyo, na asubuhi ripoti husema kazi imefaulu. Ripoti hiyo ni ya kweli. Lakini mwizi akiingia atabeba vyote viwili kwa safari moja. Moto ukiwaka utaviunguza pamoja. Umeme ukirudi kwa kishindo utapita katika waya ule ule. Na virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa huiona diski iliyochomekwa kama sehemu ya seva, vikaifunga nayo.

Mji huu una ushahidi wake wenyewe wa gharama ya kitu kisicho na nakala. Nyaraka za utawala wa Kusini, nyingine za miaka ya mwanzo ya karne ya 20, zilikusanywa Juba kutoka miji ya mikoa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwanahistoria Douglas Johnson alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Vita vilivyoanza 1983 vikaikatiza. Baada ya miaka ya kuhamishwa huku na huku, karatasi hizo ziliishia ndani ya hema, zikikabiliana na joto, mchwa na mvua. Baada ya uhuru wa 2011 serikali, ikisaidiwa na Rift Valley Institute, ilianza kuziokoa, kuzipanga na kuzipiga picha za kidijiti ukurasa kwa ukurasa. Majalada ya wilaya yaliyokuwa yakilala kwenye turubai ndiyo yanayoonyesha nani alitawala wapi, na mpaka wa tarehe 1 Januari 1956, unaotegemewa katika madai ya mipaka na Sudan, hauwezi kujadiliwa bila karatasi za namna hiyo. Taifa lilikaribia kupoteza kumbukumbu zake kwa sababu zilikuwa mahali pamoja tu.

Kisha vikaja vita vya Desemba 2013 na Julai 2016. Mapigano ya 2016 yalidumu siku chache, lakini yalienea kuanzia Ikulu ya J1 hadi Gudele, Jebel na maeneo ya uwanja wa ndege. Baada ya bunduki kunyamaza, ghala la Shirika la Mpango wa Chakula Duniani mjini Juba lilikutwa limeporwa zaidi ya tani 4,500 za chakula. Umati unaoweza kubeba tani 4,500 haushindwi na seva ya kilo ishirini. Ndiyo maana nakala inayotunzwa Hai Malakal kwa ajili ya ofisi iliyoko Thongpiny haitoshi: ni nyumba mbili, lakini ni mji mmoja na usiku mmoja.

Maafa mengine ya Juba hayana kelele, na huenda yanaua diski nyingi kuliko risasi. Machi 2024 shule za nchi nzima zilifungwa kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufikia nyuzi 45. Chumba cha seva kisicho na kiyoyozi hupita hapo kwa urahisi. Umeme wa gridi umeongezeka tangu mtambo wa megawati 33 ulipozinduliwa mwishoni mwa 2019, lakini ofisi nyingi bado huruka kutoka gridi kwenda jenereta na kurudi mara kadhaa kwa siku, na hifadhidata inayokatwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibika bila mtu kujua kwa wiki nzima. Hapo nakala ya jana nayo huwa imebeba ubovu wa juzi.

Jirani wa kaskazini ametoa funzo kubwa zaidi. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, karibu kila kitu cha Sudan kilikuwa katika mji huo mmoja: makao makuu ya benki, wizara, vyuo, mitambo ya simu. Mapema Februari 2024 mitandao ya Zain, MTN na Sudani ilizimika karibu nchi nzima, kwa kuwa vituo vyake vikuu vilikuwa katika maeneo yaliyoshikwa na wapiganaji wa Vikosi vya Msaada wa Haraka (RSF). Simu zilipozimika, programu ya Bankak ya Benki ya Khartoum, ambayo familia nyingi ziliitegemea kupokea fedha za kununulia unga, nayo ikawa haina njia. Huduma zilianza kurudi kutokea Port Sudan, ambako mitambo ya kushika nafasi ya ile ya Khartoum ililazimika kusimamishwa vita vikiendelea. Wapo Wasudan Kusini wengi waliosoma Khartoum ambao hadi leo wanajua maana ya kutafuta cheti kutoka chuo kisicho na mlango wa kubisha.

Vita na umaskini havielezi yote. Septemba 2020 moto uliteketeza jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala, lenye ofisi za fedha na kumbukumbu. Na tarehe 26 Septemba 2025, katika Korea Kusini, betri za lithiamu zilishika moto ndani ya kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Zaidi ya mifumo 600 ilizimwa. Mmoja wapo, hifadhi ya pamoja ya mafaili ya watumishi wa umma, ulikuwa na terabaiti 858, na haukuwa na nakala popote nje ya jengo, kwa sababu ulionekana mkubwa mno kunakiliwa. Nchi inayotengeneza sehemu kubwa ya chipu za kumbukumbu za dunia ilipoteza kazi ya miaka ya watumishi wake kwa moto wa siku moja.

Mpango wa nakala huanza na maswali mawili, na yote mawili ni ya mkuu wa ofisi kabla ya kuwa ya fundi. La kwanza: kazi ya muda gani inaweza kupotea bila madhara yasiyovumilika? La pili: ofisi inaweza kusimama kwa muda gani? Majibu hayafanani. Hospitali inaweza kurudia kuingiza takwimu za mwezi kutoka kwenye madaftari ya wadi, lakini orodha ya wagonjwa wanaotumia dawa za kila siku haiwezi kungoja wiki. Benki haiwezi kupoteza hata robo saa ya miamala. Forodha ya Nimule, mlango mkuu wa bidhaa za Juba, ikisimama nusu siku malori hupanga foleni na bei ya vitunguu hupanda katika soko la Konyo Konyo. Idara ya ardhi inaweza kusimama siku kumi, lakini haiwezi kupoteza hati hata moja. Bila majibu haya yaliyoandikwa na kutiwa sahihi, fundi atanakili kila kitu kwa kipimo kimoja, kisha lawama zitamwangukia yeye.

Jambo la pili ni namna ya kunakili. Mafaili ya hifadhidata inayofanya kazi hayanakiliwi kama picha au barua, kwa sababu yanabadilika wakati wa kunakiliwa, na kinachotoka ni mchanganyiko wa saa mbili zisizolingana. Kila mfumo una chombo chake cha kutoa nakala iliyo sawasawa. PostgreSQL, unaotumiwa na DHIS2, mfumo wa takwimu za Wizara ya Afya, una pg_dump. MySQL una mysqldump. Juu ya nakala kamili (katika PostgreSQL ile ya pg_basebackup, si ya pg_dump) huwekwa kumbukumbu ya miamala, yaani daftari ambamo mfumo huandika kila badiliko kabla ya kulitekeleza. Mwenye nakala kamili ya Jumamosi na daftari la miamala hadi Jumatano saa tano asubuhi anaweza kuirudisha hifadhidata ilivyokuwa saa tano kasoro dakika moja, kabla mtu hajafuta jedwali kwa bahati mbaya.

Utaratibu huu ndio unaoifanya intaneti ya Juba itoshe. Tangu mkongo ulipoingia kutoka mpaka wa Uganda mwaka 2020 laini zimekuwa bora kuliko enzi za setilaiti peke yake, lakini hesabu bado ni ngumu. Hifadhidata ya gigabaiti 200 kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua saa 44 kama laini haikukatika hata mara moja. Mabadiliko ya siku moja, tuseme gigabaiti 2, hupita chini ya nusu saa. Kwa hiyo kilicho kikubwa hubebwa kwa mkono mara moja kwa mwezi, na kilicho kidogo hupita hewani au kwenye mkongo kila usiku.

Kubeba kwa mkono si njia ya kizamani. Juni 2017 virusi vya NotPetya vilifuta kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk duniani kote. Seva zipatazo 150 zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na kila moja ilihesabiwa kuwa nakala ya nyingine. Virusi vikazifuta kwa pamoja. Ikabaki moja tu, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na seva ilikuwa imezimwa kabla ya shambulio. Laini ya Ghana ilikuwa nyembamba mno, kutuma data hiyo Uingereza kungechukua siku kadhaa. Watumishi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria na diski mkononi, akaikabidhi uwanja wa ndege kwa mwenzake aliyekuwa na viza, naye akaruka nayo hadi London. Kampuni ilijenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kumi hivi, na kazi hiyo ilisimama juu ya diski hiyo moja.

Kwa Juba, tukio la Ghana linaeleza kanuni nzima. Seva zinazonakiliana papo hapo si nakala rudufu, kwa kuwa kosa la moja hufika kwa nyingine ndani ya sekunde. Nakala inayookoa ni ile iliyochomolewa. Wataalamu wana kipimo chepesi: nakala tatu, ikiwamo asili yenyewe, aina mbili za vyombo, na moja nje ya mahali. Kwa mji huu kipimo hicho kinahitaji kuongezwa: ile moja iwe nje ya Juba, na pia iwe imechomolewa.

Nje ya Juba ni wapi? Hapa ndipo uamuzi unapokuwa mzito. Malakal iliingia mikononi mwa pande hizi na zile mara kadhaa mwaka 2014. Bentiu imezingirwa na mafuriko tangu 2021. Wau ilipata mapigano Juni 2016 na tena Aprili 2017. Miji hii inastahili vituo vya data, na siku moja itakuwa navyo, lakini kwa sasa nakala ya mwisho ya taifa haipaswi kutegemea mmoja wapo peke yake. Mahali panapofaa ni Kampala au Nairobi: saa moja na ushei kwa ndege, barabara ya lami hadi Nimule, na tangu 2016 nchi hizi ni wanachama wenza wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hoja ya uhuru wa taarifa itatolewa, na haistahili kupuuzwa. Baada ya sensa ya 2008 ofisi ya takwimu ya Khartoum ilikataa kuwapa wenzao wa Kusini data ghafi ya nchi nzima, na Juba ikabaki kubishana juu ya hesabu ambayo haikuweza kuikagua. Aliyepitia hayo ana haki ya kuogopa kuweka daftari la wananchi wake chini ya paa la mwingine. Lakini wengine wameipata njia. Estonia ilitia sahihi makubaliano na Luxembourg mwaka 2017 ili kuweka huko nakala za hifadhidata zake nyeti, katika chumba chenye kinga kama ya ubalozi. Ukraine ilibadilisha sheria Februari 2022, siku chache kabla ya kuvamiwa, ili taarifa za serikali ziruhusiwe kuhamishiwa nje ya nchi. Rejesta zake zikaendelea kuishi hata makombora yalipoanza kuanguka Kyiv.

Sudan Kusini ina njia iliyo karibu zaidi na isiyohitaji jengo jipya. Mkataba wa Vienna wa 1961, ibara ya 24, unasema nyaraka za ubalozi haziguswi wakati wowote na popote zilipo. Ibara ya 27 inakataza kufungua au kuzuia mfuko wa kidiplomasia. Diski iliyosimbwa kwa ufunguo wa siri ndani ya mfuko huo, ikatunzwa katika sefu ya ubalozi Nairobi na nyingine Kampala, ina ulinzi ambao kituo cha data cha biashara hakiwezi kuuza. Hospitali binafsi, mashirika na kampuni hazina mfuko huo. Kwao mkataba na kituo cha data cha Nairobi au Kampala unatosha. Kenya na Uganda zote zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na mkataba uzitaje kwa jina.

Kwa hali yoyote data isitoke Juba bila kusimbwa. Diski iliyosimbwa ikipotea njiani, kilichopotea ni bei ya diski. Ila usimbaji huzaa hatari yake: ufunguo. Ukikaa Juba tu, siku Juba itakapoharibika nakala ya Nairobi itakuwa kipande cha chuma. Ukisafiri pamoja na diski, kusimba hakukuwa na faida. Ufunguo uandikwe kwenye karatasi, utiwe ndani ya bahasha zenye lakiri, bahasha moja ibaki kwa mkuu wa ofisi na nyingine iwekwe nje ya nchi kwa mtu asiyetunza diski. Fundi akihama kazi, ufunguo ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Nakala zitunzwe kwa muda gani? Za kila siku kwa wiki mbili, za kila wiki kwa miezi miwili, za kila mwezi kwa mwaka mzima. Makosa mengine huonekana siku ya ukaguzi wa hesabu tu.

Limebaki jambo linaloangusha hata wenye fedha na ujuzi. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akifanya kazi usiku, alifuta hifadhidata hai akidhani ni nyingine. Kampuni ilikuwa na njia tano za kunakili. Ilipozigeukia, ikakuta pg_dump ilikuwa toleo lisilolingana na hifadhidata, kwa hiyo haikuwa ikitoa chochote. Barua pepe za onyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Na ghala la nakala lilikuwa tupu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Hakuna aliyekuwa na jukumu la kujaribu kurejesha.

Kurejesha ndiyo kazi yenyewe. Jaribio lake halihitaji mtaalamu wa kigeni wala bajeti ya mfadhili: kompyuta moja isiyo na kitu, nakala, ufunguo, na saa ya ukutani. Fundi asiye yule aliyetengeneza nakala aifungue kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa, kisha mtumishi wa idara, si fundi, atafute ndani yake rekodi tano anazozijua na kuzilinganisha na karatasi. Palipokosekana hatua katika maelekezo patajulikana siku hiyo, pasipo kilio.

Mvua za Juba huanza Aprili, na wakati huo barabara na anga hupata matatizo yao. Ombi kwa kila ofisi inayopokea barua hii ni kwamba kabla ya mvua zijazo ichukue nakala ya jana, iirejeshe kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona, mkuu wa ofisi aandike saa kazi ilipoanza na saa ilipokwisha na kutia sahihi, na diski iliyopita mtihani huo iondoke Juba wiki hiyo hiyo.